Boom la siku sitini, kodi ya miezi sita

Wiki iliyopita nilimsikia mtangazaji wa redio na mgeni wake wakikubaliana kwamba wanafunzi wa vyuo wa siku hizi hawajui kutumia hela. Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, walisema, ni simu mpya, viatu na viwanja vya starehe, na likiisha wanaanza kulialia mitandaoni. Mgeni akawashauri wajifunze kuandika bajeti. Wapiga simu nao wakaunga mkono, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyetaja kodi ya chumba. Nimekaa na hasira hiyo siku zote hizi, na leo naitoa.

Haya, tuandike bajeti.

Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi mwenye mkopo kamili 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Ilikuwa 8,500 kwa miaka mingi, ikapandishwa, na waliopandisha wanastahili asante yangu. Hela hiyo inakuja kwa mikupuo, siku sitini kila mkupuo, kwa hiyo boom moja ni 600,000. Sasa twende Kimara, hapa Dar es Salaam, tukatafute chumba. Chumba kimoja kitupu, choo cha kuchangia, bomba uani: 70,000 kwa mwezi, na hapo tumebahatika. Mwenye nyumba anataka miezi sita, 420,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 70,000. Kabla ya hapo ameshachukua 10,000 ya kukuonyesha vyumba, na hiyo hairudi hata kama alichokuonyesha kilikuwa stoo yenye dirisha. Jumla, 500,000. Godoro, ndoo, pazia na kufuli sijavitia humo. Tuseme ametoka navyo nyumbani.

Imebaki 100,000 ya kuishi siku sitini. Ni shilingi 1,666 kwa siku. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari fupi ya daladala ilitoka 500 ikawa 600, na mwanafunzi wa chuo hana nauli ya mwanafunzi, hiyo ni ya wenye sare. Hata tukichukulia gari moja tu kwenda na moja kurudi, ni 1,200. Zinabaki shilingi 466 za kula kutwa nzima. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ni elfu mbili.

Hakuna simu mpya kwenye hesabu hiyo, wala kiwanja cha starehe. Na huyu ni mwenye mkopo kamili. Wapo wanaopewa sehemu tu ya mkopo, na wapo walionyimwa kabisa. Huyo tuliyemwandikia bajeti ndiye mwenye nafuu.

Ninachosema ni hiki: tatizo la mwanafunzi wa Dar kwanza kabisa si ukubwa wa boom. Kila mwaka tunabishana kama 10,000 inatosha, na ukiuliza mimi nitasema haitoshi. Lakini hata ukiifanya 15,000 kesho asubuhi, mwenye nyumba ataendelea kudai miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Serikali inamlipa kijana kwa kipimo cha siku sitini, mtaa unamdai kwa kipimo cha siku mia na themanini, na pengo hilo la katikati kijana wa miaka kumi na tisa ameachiwa alizibe mwenyewe. Hiyo ndiyo inayompeleka kwenye pasi ndefu, kula mlo mmoja kwa siku, wiki ya tatu ya muhula.

Tazama pia inavyoangukia. Wa mwaka wa kwanza anafika Dar akiwa hata hajasajiliwa, na boom halitoki mpaka asajiliwe na asaini. Usiku wa kwanza anahitaji pa kulala. Kwa hiyo kodi ile ya mwanzo, iliyo nzito kuliko zote, haitoki kwenye boom hata kidogo. Inatoka kwa mzazi. Namfahamu mzee mmoja wa Namtumbo aliyeuza mahindi yake yote mwezi wa kumi ili binti yake apate chumba. Angengoja mpaka mwezi wa kwanza angepata bei nzuri zaidi kwa gunia, lakini mwenye nyumba hangoji mwezi wa kwanza. Hasara ile haitaonekana popote kwenye takwimu za gharama za elimu ya juu. Ipo tu kwenye ghala la yule mzee, na mwaka uliofuata ilikuwepo kwenye mbolea ambayo hakununua.

Halafu miezi yenyewe. Anayelipa Novemba, kodi yake inaisha mwishoni mwa Aprili, katikati ya muhula wa pili, majaribio yamepamba moto. Lazima alipe sita nyingine, mpaka Oktoba. Lakini chuo kinafungwa mwezi wa saba au wa nane. Chumba kinabaki na kufuli, yeye yuko kwao analima, na kodi imeshaliwa. Asipolipa, atoe vitu vyake nje, atafute pa kuvihifadhi, na likizo ikiisha aanze upya na dalali mwingine. Miaka mitatu ya digrii anailipia pango la miaka mitatu kamili, ilhali miezi aliyolala humo haifiki.

Na wale wasio na mahindi ya kuuza? Wanakopa. Wanaokopesha wanajulikana: kausha damu wa mtaani, na zile programu za simu ambazo ukichelewa siku mbili zinatuma ujumbe wa kukudhalilisha kwa kila mtu aliye kwenye simu yako, mpaka mchungaji wako. Benki Kuu ilifungia programu 69 za namna hiyo Novemba 2024, na nilifurahi siku ile. Ila kufungia programu hakuondoi kilichomsukuma mtu azitafute. Kodi ya miezi sita iko palepale.

Kuna jambo jingine ambalo redioni halisemwi, na mimi sitalizunguka. Binti anapofika mjini hana chumba, na mwanaume mwenye kazi ana chumba kilicholipiwa mwaka mzima, hapo kuna mazungumzo ambayo si ya usawa hata kidogo. Nimeona wasichana wenye akili nyingi wakihamia kwa watu ambao wasingewapa hata salamu kama wangekuwa na 420,000 mkononi. Baadaye tunakaa vikao vya kuzungumzia maadili ya mabinti wa vyuo. Mpe binti uwezo wa kulipa 70,000 ya mwezi huu, apate ufunguo wake, halafu ndipo tukae naye tuongee maadili.

Wavulana wanabebana. Ukipita hosteli usiku utakuta kitanda cha mmoja wamelala wawili, mwenye nafasi na aliyebebwa, mmoja kichwa huku mwingine kule, na ukaguzi ukija mmoja anapita dirishani. Ni utu mkubwa ule, kumpa mwenzako nusu ya godoro kwa muhula mzima. Lakini mtu anayelala nusu godoro kisha aamke aandike mtihani wa UE, ule wa mwisho wa muhula, na mwenzake aliyelala chumba chake hawajaandika mtihani mmoja.

Nitasema ya wenye nyumba, maana najua watanijia juu, na wengine ni shangazi zangu. Wengi si matajiri. Ni mjane, ni mwalimu mstaafu, amejenga vyumba vinne uani tofali kwa tofali kwa kiinua mgongo, na kodi ya mkupuo ndiyo inayomlipia ada za wajukuu au kumalizia paa. Ni kweli pia wako wanafunzi wanaohama usiku na deni la miezi miwili, na wako wanaogeuza geto, chumba chao cha kupanga, kuwa ukumbi wa muziki. Nakubali. Anayedai miezi sita anajikinga na mpangaji asiyemjua. Lakini kinga hiyo anailipa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mkataba ule, na hapo ndipo kukubali kwangu kunapokoma.

Maana si sheria ya Mungu kwamba pango lilipwe hivyo. Vuka mpaka tu hapo Nairobi: mpangaji analipa mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, anaingia. Nako kuna wenye nyumba wakali, kuna wapangaji wanaotoroka, na nyumba zinajengwa kila siku. Huku kwetu hakuna sheria inayomzuia mwenye nyumba kudai kodi ya mwaka mzima. Wabunge wamelisema mara nyingi, mawaziri wamelijibu, na dalali wa Sinza hajabadilisha hata neno moja la sentensi yake ya kwanza: "Miezi sita, na yangu mwezi mmoja."

Ninaambiwa Serikali haiwezi kuingilia makubaliano ya watu binafsi ndani ya nyumba zao. Kwa nini isiweze? Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mwenye nyumba halipi yeye. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na ukiwa umepanga nyumba ya mita moja, mwanafunzi naye anaichangia. Mwaka 2022 tukaambiwa mpangaji akate asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio aipeleke TRA. Kwa hiyo pale ambapo Serikali ilitaka mapato, ilijua kila nyumba ilipo, ilijua kila mita, ikajua na mkataba wa kila mpangaji. Naomba ijue hivyo hivyo pale kijana anapotaka kulipa mwezi kwa mwezi.

Hosteli? Zijengwe, na nyingi. Zile za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa Aprili 2017 zilichukua wanafunzi 3,840 na zilisimama kwa muda mfupi, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba haiwezekani. Lakini Mlimani peke yake ina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na mjini kuna vyuo vingine, IFM, CBE, DIT, Muhimbili, Ardhi, DUCE na vinginevyo. Mwanafunzi wa katikati ya jiji ataendelea kupanga Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni. Huyo hatuwezi kumwambia asubiri jengo.

Nasema kinachoweza kufanyika mapema. Bodi tayari inalipa ada moja kwa moja chuoni, haipitii mkononi mwa mwanafunzi. Basi mwanafunzi anayetaka aruhusiwe kutenga sehemu ya fedha yake ya kujikimu, tuseme hiyo 70,000, ilipwe na Bodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kila mwezi. Mwenye nyumba anayetaka kuingia kwenye utaratibu huo ajiandikishe serikali ya mtaa, pale pale tunapogongewa mihuri ya mikataba, na akubali mambo mawili: hakuna miezi sita, na hakuna kodi ya miezi ambayo chuo kimefungwa isipokuwa mpangaji ameomba kubaki. Yeye anapata kitu ambacho hajawahi kukipata kwa mpangaji yeyote wa Kimara: uhakika kwamba hela itaingia. Hofu yake ya kutorokwa inaisha, na ndiyo hofu aliyotuambia siku zote kwamba ndiyo sababu ya kudai mkupuo. Hazihitajiki fedha mpya kutoka Hazina. Ni fedha ile ile, inapita mlango mwingine, kwa kipimo cha mwezi.

Kwa wa mwaka wa kwanza, kodi ya mwezi wa kwanza itoke kabla hajafika, mara tu majina ya waliopata mkopo yanapotangazwa. Kama jina lake lipo kwenye orodha na chuo kimempokea, mwezi mmoja wa pango si hatari kubwa kwa taasisi itakayomdai mkopo huo kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara miaka na miaka.

Wasio na mkopo wanabaki nje ya mpango huu, nalijua hilo na linaniuma. Kwao dawa ni sheria yenyewe: ukomo wa kodi ya kulipa mbele, uwe miezi miwili, uwe mitatu, lakini uandikwe na uwe na adhabu. Ukomo huo utamsaidia pia kijana wa bodaboda, mama wa genge na karani anayeanza kazi.

DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Mlimani, na TAHLISO, umoja wa serikali za wanafunzi wa vyuo vyote, mnanisoma. Kila mwaka mnakwenda kwa waziri na madai yaleyale: boom limechelewa, boom liongezwe. Yapelekeni, ni ya haki. Lakini mwaka huu pelekeni na hili la pango, likiwa limeandikwa, likiwa na hesabu za mitaa mnayoishi, Msewe ni kiasi gani, Makongo ni kiasi gani, Kigamboni ni kiasi gani, mwenye nyumba anadai miezi mingapi, dalali anachukua nini. Hakuna mtu mwenye takwimu hizo kuliko ninyi mnaolipa. Na wewe mpiga kura, mgombea wa serikali ya wanafunzi akigonga mlango wa geto lako kuomba kura, muulize kwanza yeye analipa kodi ya miezi mingapi.