Petar wa Bulgaria: mkwe mnyonge au mkwe mjanja?

Tarehe 29 Juni 968, sikukuu ya Mitume, askofu Liutprand wa Cremona aliinuka mezani kwa kaisari wa Konstantinopoli akiwa amefura kwa hasira. Alikuwa mjumbe wa Otto I, kaisari wa Magharibi, na alikuwa amekuja kumposea mwana wa bwana wake binti wa kifalme. Kilichomchoma siku hiyo ni kiti. Mjumbe wa Wabulgaria, ambaye Liutprand anamsimulia kwa dharau kuwa kanyolewa kama Mhungaria na kujifunga mnyororo wa shaba, alikalishwa mahali pa heshima kuliko yeye. Alipolalamika akajibiwa kwamba Petar wa Bulgaria alipomwoa binti wa Christophoros, mwana wa kaisari Romanos, iliandikwa na kuapiwa kuwa wajumbe wa Wabulgaria watatangulia wajumbe wa mataifa mengine yote. Askofu akaenda kula na watumishi wa kaisari. (Baadaye kaisari alimtumia mwanambuzi aliyejazwa vitunguu na kuloweshwa mchuzi wa samaki, amtulize. Hakutulia.)

Harusi inayotajwa hapo ilifungwa tarehe 8 Oktoba 927. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 41 imepita, bibi harusi amekwisha kufa, babu yake aliyemwoza aling'olewa madarakani zamani, na kile kiapo bado kinampandisha Mbulgaria juu ya mjumbe wa Otto. Ninaanzia kwenye kiti hicho kwa sababu hukumu iliyozoeleka juu ya Petar haikitazami. Simeon, baba yake na mtawala aliyemtangulia, alipigana, wanasema, Petar akaoa. Baba alifika kwenye kuta za Konstantinopoli na jeshi, mwana akafika na vyombo vya harusi, na tangu siku hiyo Bulgaria ikaanza kuoza.

Turudi kidogo kwa huyo baba, maana shujaa naye alitaka ukwe. Mwaka 913 Simeon alikubaliana na Patriaki Nikolaos, mkuu wa kanisa la Konstantinopoli, kwamba binti yake aolewe na kaisari mtoto, Konstantinos VII. Mama wa mtoto, Zoe, alipochukua usimamizi wa dola mwaka uliofuata akaufuta uchumba. Simeon akajibu kwa upanga, na ushindi wake wa Acheloos, 20 Agosti 917, ulikuwa mauaji ya kutisha. Lakini mwaka 919 Romanos Lekapenos, amiri wa majeshi ya majini, akamwoza Konstantinos binti yake mwenyewe, Helena, kisha akajifanya kaisari. Mlango ukafungwa. Simeon aliendelea kupiga nje ya kuta asizoweza kuzivunja. Mwaka 926 jeshi lake likasagwa na Wakroatia, na tarehe 27 Mei 927 akafa.

Petar alikuta nini? Hazina iliyochoka, majirani wanaonusa, na ndugu wasioridhika, kwani hakuwa mwana wa kwanza na kaka yake Mikhail alikuwa amepelekwa utawani. Yeye na mjomba wake, Georgi Sursuvul, walifanya kitu ambacho wanaomwita mnyonge hukiruka: kwanza wakapeleka jeshi kuingia ardhi ya Bizanti, yaani dola ya Konstantinopoli, ndipo kwa siri wakamtuma mtawa mmoja na maneno ya amani. Kati ya Mei na Oktoba wakapata cheo cha kaisari wa Wabulgaria kinachotambuliwa na Konstantinopoli, kanisa lenye patriaki wake, malipo ya kila mwaka, na bibi harusi Maria, mjukuu wa kaisari aliyeko madarakani. Patriaki Stephanos mwenyewe aliwafungisha ndoa katika kanisa la Bikira la Pege, nje ya kuta. Nje ya kuta zilezile.

Upande wa pili una hoja, na ya kwanza ni ya Konstantinos VII. Katika kitabu alichomwandikia mwanawe anakemea ndoa hiyo bila kumung'unya maneno: Romanos alikuwa mtu wa kawaida, asiye na elimu, asiyejua desturi, ndiyo maana akamtoa mjukuu wake kwa Wabulgaria. Tena, anasema, Christophoros hakuwa kaisari halali, alikuwa wa tatu na wa mwisho. Kwa maneno mengine, Petar aliuziwa kanga ya mtumba akidhani ni hariri.

Tumsikilize Konstantinos, lakini tukumbuke kidonda chake. Kwenye harusi ileile Wabulgaria walishikilia kwamba Christophoros, baba wa bibi harusi, ashangiliwe kabla ya Konstantinos, na Romanos akakubali. Mwenye damu ya kifalme akashushwa hadharani ili mkwe wa Kibulgaria apate baba mkwe mwenye cheo. Miaka ishirini na ushee baadaye bado anaandika kwa uchungu. Kama ndoa ile ilikuwa bidhaa hafifu, kulikuwa na haja gani ya kumwonya mtoto wake asije akairudia?

Hoja ya pili ni kwamba Maria alikuwa macho na masikio ya Konstantinopoli ndani ya Preslav, mji mkuu wa Bulgaria. Ushahidi wake hasa ni kwamba alikuwa akienda kwao mara kwa mara, na mara ya mwisho alikwenda na watoto watatu, baba yake akiwa amekwisha kufa. Mwanamke aliyeolewa mbali kwenda kwao kusalimia, mmoja mgongoni na wawili mkononi! Zaidi ya hapo, ukoo wa Lekapenos ulianguka mwishoni mwa 944 na mwanzoni mwa 945, na aliyeshika hatamu ni huyohuyo Konstantinos aliyeichukia ndoa yake. Jasusi wa nani, basi? Na amani ikaendelea takriban miaka ishirini mingine. Mihuri ya risasi iliyochimbuliwa Bulgaria inawaonyesha Petar na Maria bega kwa bega, wote wawili wakiitwa watawala wa Wabulgaria.

Halafu kuna dhahabu. Kaisari Nikephoros Phokas, yuleyule aliyemkalisha Liutprand mezani, alipokataa malipo ya kila mwaka, akaamuru wajumbe wa Kibulgaria wapigwe makofi, na akasogea mpakani na jeshi. Akaitazama milima, akarudi. Ndipo akamtuma Kalokyros kwa Sviatoslav, mtawala wa Warusi wa Kiev, na ratili 1,500 za dhahabu ili Warusi waivamie Bulgaria. Kwa sarafu 72 kwa ratili hiyo ni sarafu 108,000, karibu nusu tani ya dhahabu. Ndiyo, Nikephoros alikuwa ameshikwa na vita vya mashariki, na kukodi mtu wa kaskazini ni ustadi wa zamani wa Bizanti. Hata hivyo nchi inayosemekana kuoza tangu 927 haikuanguka kwa kusukumwa. Alilipwa mtu wa mbali, tena kwa bei hiyo, aje aisukume. Na mwaka ambao Sviatoslav alivuka Danube ni huohuo 968 ambao Mbulgaria alikuwa amekalishwa juu ya Liutprand. Kiapo kikiheshimiwa mezani, dhahabu ilikwisha kufika Kiev.

Sitasema Petar hakukosea. Wahungaria walipita nchini mwake kuelekea Bizanti kuanzia 934 na hakuweza kuwazuia, kisha akapatana nao, jambo lililompa Nikephoros kisingizio. Ndugu zake wawili, Ivan na Mikhail, walimwasi mapema. Wabogomili, kundi la dini lililopingana na kanisa, walienea kwa watu waliochoka na makasisi walioshiba.

Linaloniwia gumu zaidi ni wanawe. Baada ya Maria kufa, mkataba ukihuishwa, Boris na Roman walipelekwa Konstantinopoli kama dhamana. Mwaka 927 familia ya kaisari ndiyo iliyotoa mtoto. Safari hii ilitoa Bulgaria, na mbele hapakuwa na arusi. Petar alipougua na kuingia utawani, kisha akafa mwaka 969, mrithi ilibidi aachiwe na wale waliomshika. Boris alitawala nusunusu, Warusi wakiwa wamejaa nchini. Mwaka 971 kaisari mpya, Ioannes Tzimiskes, aliwafukuza Warusi kwa jina la ukombozi, akamchukua Boris hadi Konstantinopoli, akamvua taji, joho la zambarau na viatu vyekundu mbele ya umati. Taji likawekwa wakfu Hagia Sophia. Boris, mjukuu wa Christophoros kwa upande wa mama, akapewa cheo cha juu cha magistros, na tangu hapo akawa na mahali pake miongoni mwa maofisa wa kaisari.