Msasa usiguse majina ya askari hao

Nimesoma kwamba ubao wa mvule wenye majina ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni Afrika Mashariki) umeshatolewa ukutani, na fundi ataupiga msasa mpaka ung'ae. Jamani, hapana! Mimi ni seremala hapa Jinja. Dhahabu ya kwenye herufi ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Msasa ukipita mara mbili tu, marehemu wamefutika. Mwaka juzi niliitwa kuokoa ubao wa namna hiyo, mtu alikuwa ameshauanza. Mistari mitatu ya juu ilibaki mikwaruzo, nikawa nasoma majina kwa kumulika tochi kutoka ubavuni.

Pigeni picha kwanza, jina kwa jina. Kisha pamba yenye maji kidogo, mkijaribia pembeni. Spiriti mwiko karibu na herufi.

Ripoti ya 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Hawa wetu angalau wana ubao. Sasa, kuna aliyeyanakili majina yote kabla fundi hajaanza?