Intaneti Imeshindwa na Nazi

Jamani, mimi nauliza tu. Kebo ya intaneti iitwayo TEAMS imetoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, ikalala chini ya bahari kilomita kama 5,000, juu yake papa na nyangumi wanapita, ikatua hapa Mombasa mwaka 2009. Nyangumi hawakuizuia. Imefika kwangu Kibokoni, imeshindwa na ukuta wa chumba cha nyuma.

Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, kama yale ya Fort Jesus, na babu aliujenga kana kwamba amwogopa Mreno asirudi. Ruta iko sebuleni. Ukivuka mlango tu, waifai yabaki kijistari kimoja, nacho chatetemeka. Na chumba hicho ndimo alimo mama mkwe. Alikuja kwa wiki mbili, na huu ni mwezi wake wa nne, na tamthilia yake ya Kituruki ya saa moja usiku haimpiti. Picha ikikwama, ule mduara ukaanza kuzunguka, hatazami TV. Anitazama mimi.

Nikaambiwa toboa ukuta, upitishe waya. Drili ikatoa moshi, ukuta ukatoa kivumbi cha kupaka nyusi.

Ndipo kijana mmoja wa dukani akaniuzia adapta mbili za kupitisha intaneti kwenye nyaya za stima. Moja waichomeka karibu na ruta, waiunga kwa kebo. Ya pili waichomeka karibu na TV. Wabonyeza vidude vyake, zajuana. Intaneti yapita waya uleule wa balbu! Nikasema huyu ameniona mjinga. Na boksi limeandikwa 1000. Kifurushi changu ni Mbps 20, hizo 980 sijui za nani.

Siku ya kwanza, kimya. Kumbe nimechomeka kwenye ekstensheni, ile ya kukinga vyombo stima ikiruka, nayo ikakinga na intaneti pia. Fundi akaja, akachomoa, akachomeka ukutani moja kwa moja, akadai mia tano. Mia tano ya kuchomoa! Lakini taa zikawaka kijani, picha ikaja safi, mkwe akaniombea dua. Mara ya kwanza tangu harusi.

Dua ilidumu robo saa. Jikoni mke wangu akawasha blenda, asage nazi apate tui. Papo hapo Mturuki akakwama mdomo wazi. Blenda ikizimwa, Mturuki aongea. Ikiwashwa, Mturuki aganda. Nikampigia fundi. Akasema mota ya blenda yatia kelele kwenye waya, adapta hazisikilizani, nihamishe blenda soketi ya mbali. Soketi gani? Jikoni kwa babu iko moja, na friji ameshaikalia.

Nikapendekeza wali mweupe. Nilichojibiwa sikirudii, nao walikuwa wawili.

Basi ukipita Kibokoni magharibi ukasikia kwaru kwaru, ndiye mimi. Nimeitoa mbuzi uvunguni, meno yake na kutu yake, nimeikalia nakuna nazi, fulana imerowa chepechepe. Jana sijamaliza hata kizio cha kwanza, sauti ikatoka chumba cha nyuma:

"Baba Salma! Hiyo mbuzi yako! Sisikii maneno!"