Ruzuku ya Serikali na Uhuru wa Ukumbi wa Wasanii

Je, ukumbi wa sanaa usiolenga faida unaweza kupokea fedha za serikali na bado ukabaki huru? Artists Space ya New York ni mfano mzuri wa kupimia swali hilo, kwa kuwa tangu mwanzo wake, mwaka 1972, ilitegemea Baraza la Sanaa la Jimbo. Fedha hizo ziliwafungulia mlango wasanii wasio na galari ya kuwauzia kazi, nao wasanii wenzao ndio waliowachagua. Cindy Sherman, msanii anayejipiga picha akiigiza wahusika, alikuwa kabla ya kujulikana karani wa mapokezi hapo, na siku nyingine alifika kazini amevaa na kujipamba kama mhusika wa picha zake. Sidhani kwamba galari ya biashara ingemvumilia.

Wanaopinga ruzuku nao wana ushahidi mzito. Mwaka 1989 mpiga picha Nan Goldin aliandaa hapo maonyesho kuhusu UKIMWI, wakati marafiki zake wengi walikuwa wakifa. Katika kitabu cha maonyesho, msanii David Wojnarowicz aliwashambulia kwa ukali Seneta Jesse Helms na Kadinali John O'Connor, askofu mkuu wa New York. John Frohnmayer, aliyekuwa mwenyekiti wa taasisi ya serikali kuu ya Marekani inayofadhili sanaa, aliondoa ruzuku ya dola 10,000, na wasanii walipopinga, akairudisha kwa sharti kwamba isigharimie kitabu hicho. Sharti hilo linanisumbua kuliko hata uamuzi wa kwanza, maana picha ziliruhusiwa ukutani ilhali maneno yaliyotaja wenye mamlaka yalinyimwa fedha.

Hata hivyo, kuikataa serikali si kujinasua na masharti. Mfadhili tajiri naye ana marafiki asiotaka waudhiwe, na akikasirika hujiondoa kimyakimya, bila barua ya kujibu wala mkutano wa kumhoji. Frohnmayer alilazimika kujieleza hadharani kwa sababu fedha zilikuwa za umma. Kwangu mimi, tofauti hiyo inatosha kuutetea upande wa ruzuku, mradi ukumbi usitegemee mfuko mmoja: kitabu kile kilichapishwa kwa fedha nyingine. Ukumbi ambao kodi yake ya pango na mishahara yake vinatoka ofisi moja tu usingeweza kufanya hivyo, hata kama wakurugenzi wake wangekuwa jasiri kiasi gani.