Soda Sita za Mkopo: Wanafunzi wa Ng'ambo Wanapokuja Kuusoma Umaskini Mombasa

Julai ikiingia, shule za Ulaya na Marekani zikifungwa, sisi wa Mikindani tunajua wageni wamekaribia. Basi dogo linaegeshwa kando ya barabara kuu, wanashuka vijana kumi na watano au ishirini wa miaka kumi na saba hivi, fulana za rangi moja, mwalimu mbele. Wamekuja kujitolea kwa wiki mbili na, kama walivyoambiwa kwao kabla ya safari, kuuona umaskini kwa macho yao. Nimekuwa mkalimani wa makundi haya kwa miaka kadhaa. Wapo watu ninaowaheshimu mtaani wanaosema safari hizi zipigwe marufuku, na wapo ninaowaheshimu vilevile wanaosema ziongezwe. Msimamo wangu nitautaja, lakini nianze na soda.

Kundi moja liligawanywa vikosi vya watu sita sita, kila kikosi kikatembelea nyumba moja katika mtaa wetu wa mabanda unaoitwa Bangladesh. Sisi tulipelekwa kwa mama mmoja anayefua nguo za watu, chumba kimoja cha mabati, watoto watatu. Alikuwa ametandika mkeka mpya mlangoni na juu ya sinia amepanga soda sita za chupa, baridi, zinatoa jasho. Wageni wakakaa, wakanywa. Kijana mmoja akaniomba nimuulize mama kama ana furaha. Nikauliza. Mama akatabasamu, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Mgeni akija, nyumba hupata baraka." Kijana akaandika kwenye daftari lake, kisha akanionyesha nimsahihishie neno la Kiswahili alilochanganya ndani. Sentensi yenyewe ilisema: hawana kitu, lakini wana furaha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na msichana mmoja wa kikosi kile, tunarudisha chupa dukani kwa niaba ya mama. Mwenye duka alizihesabu, akafungua daftari la madeni ili afute chupa. Msichana akachungulia. Ukurasa wa mama ulikuwa umejaa: mafuta ya kupima, sukari robo, unga, sabuni, na mstari wa mwisho, soda 6. Akaniuliza ile ni nini. Nikamweleza. Akauliza deni litalipwa lini. Mwenye duka akasema, "Akipata nguo za kufua, wiki mbili, tatu." Wakati huo wao watakuwa wamesharudi kwao. Msichana yule alisimama pale dukani muda mrefu, na siku zilizobaki aliuliza maswali ya aina nyingine kabisa.

Hapo ndipo pande zote mbili za mjadala zinapokutana, na ndiyo sababu siwezi kuuchukulia kijuujuu.

Wanaozitetea safari hizi watasema hakuna darasa la kule kwao ambalo lingemfundisha binti yule alichojifunza mbele ya lile daftari, na ni kweli. Unaweza kusoma kwamba takwimu za serikali za 2015/16 ziliweka umaskini wa Mombasa karibu asilimia 27, chini ya wastani wa nchi wa asilimia 36, ukadhani sisi wa hapa hatuna shida kubwa. Tarakimu haikuambii kwamba mtu anaweza kukopa ili mgeni asikae na kinywa kikavu, wala kwamba tabasamu lake ni adabu ya Mpwani kwa mgeni, halina uhusiano na hali ya mfuko wake. Mambo hayo sharti uyakute.

Wanaozipinga watasema somo lile lililipiwa na mama. Nao wamesema kweli. Tuna methali, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji aliongezewa deni. Kila mwanafunzi alikuwa amelipa dola elfu kadhaa kwa ndege, hoteli, bima na ada ya kampuni iliyopanga safari. Katika hesabu yote hiyo hapakuwa na senti iliyotengewa nyumba zitakazotembelewa, kwa sababu waandalizi walimhesabu mama kuwa ndiye anayesaidiwa. Hakuna aliyewaza kwamba siku ile mama ndiye aliyekuwa mwalimu.

Mimi naliona kosa kwenye jina. Safari hizi huitwa huduma. Kijana akishaambiwa anakwenda kutoa huduma, atatafuta cha kutoa, na asipokipata atakibuni. Atapaka rangi ukuta wa darasa huku mafundi wa rangi wamekaa barabarani wakisubiri kibarua. Ataleta mabegi ya nguo kuukuu Mombasa, mji ambao marobota ya mitumba hushushwa bandarini Kilindini na kuuzwa soko la Kongowea kwa bei ya kila mfuko. Simlaumu kijana. Amekuja kwa moyo safi, na wengi wao hufanya kazi ngumu juani bila kulalamika, mikono ikatoka malengelenge. Waliomtuma ndio walipaswa kujua.

Kuna jambo moja ambalo kwangu halina pande mbili, nalo ni makao ya watoto. Kwa miaka mingi ratiba za safari hizi zilikuwa na siku tatu nne za kucheza na mayatima. Watoto wengi katika makao hayo wana mzazi au jamaa aliye hai, na umaskini ndio uliowapeleka pale. Mgeni anapolipa ili awaone, anaipa makao sababu ya kuendelea kujaza vitanda. Mtoto wa miaka minne anazoea mgongo wa dada mmoja wiki mbili, dada anaondoka, anakuja mwingine, naye anaondoka. Nimewaona watoto wanaokimbilia kukumbatia mtu wasiyemjua, wageni wakafurahi wakidhani ni upendo. Mtoto aliyelelewa vizuri humwonea haya mgeni kwanza. Kuna la kutisha zaidi. Mwaka 2016 mahakama moja Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kijana aliyekuwa amekuja kujitolea katika makao ya watoto ya Nairobi, kwa kuwadhulumu watoto kingono.

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo, Desemba 2019, lilipitisha azimio linalotaja madhara ya programu za kujitolea katika makao ya mayatima. Baada ya yote hayo, shule ambayo bado inaweka makao ya watoto kwenye ratiba haina udhuru. Mimi siendi nao huko, na nimeshakosa kazi kwa kukataa.

Nirudi kwenye somo lenyewe, maana hapa ndipo wanaozitetea safari hizi hawajanishawishi vya kutosha. Kuuona umaskini ni rahisi. Tatizo ni kwamba jicho linaona mabati, mtaro na miguu pekupeku, halioni vilitoka wapi. Kijana anarudi kwao akiamini umaskini ni hali ya mahali fulani, kama joto, wala hajui kuna watu walioamua mambo hadi yakafika hapo.

Chukua maji. Kila kundi hupenda kubeba mitungi ya lita ishirini kutoka kibandani hadi nyumbani kwa mtu, na picha hupigwa. Ni zoezi zuri kwa bega. Lakini maji ya Mombasa hutoka mbali, sehemu yake chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, mji ukiwa na watu wachache sana kuliko sasa. Njiani bomba linapasuka, linakatwa, linagawiwa. Ndiyo maana mama yule hufulia maji ya chumvi ya kisima na kununua matamu ya kunywa kwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa bei ambayo mwenye mfereji ndani ya nyumba hajawahi kuilipa. Mwanafunzi akielezwa hayo kabla ya kuubeba mtungi, uzito anaousikia ni mwingine.

Au chukua ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wasajili madai yao kwa utaratibu ambao Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hii, hawakufikiwa nao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota, watu wanaokaa bila hati, katika ardhi ya babu zao. Asilimia kubwa ya vijana ninaowatafsiria ni Waingereza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika hapa akiijua sheria hiyo, ilhali ni historia yao kama ilivyo yetu.

Na hapo hapo jirani yetu kuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia watu wa pale sumu ya risasi, ile metali ya ndani ya betri, hewani na majini, watoto wakaugua, wengine wakafa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na sumu hiyo mwilini, alianzisha mapambano, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha hukumu mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mwanafunzi akikaa saa mbili na mmoja wa wazazi waliofuatilia kesi hiyo muda wote huo, ataondoka akijua kwamba maskini wanafikiri, wanajipanga na wanashtaki. Mara ngapi nimeona Owino Uhuru kwenye ratiba? Mara moja, na ilikuwa ya kugawa viatu.

Wanaotaka marufuku, nao nina neno nao. Machi 2020 ndege za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya korona hadi Agosti mosi, mtaani kwetu hapakuwa na sherehe. Kina mama waliokuwa wakipika mahamri na mbaazi kwa ajili ya wageni, mwenye basi, vijana wa kutembeza watu, wote walikaa. Kuna mtoto jirani yangu aliyemaliza sekondari kwa karo ya familia moja ya ng'ambo ambayo binti yao alikuja hapa mara moja tu na hakumsahau. Mtu asinyooshe mkono kufunga mlango ambao si yeye anayeupitia kutafuta riziki. Tena wengi wanaotoa hoja hiyo kwa sauti kubwa wanaishi Nyali, kwa wenye nacho, na watoto wao hawajawahi kukanyaga mtaa wa mabanda wa Ziwa la Ng'ombe, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwao. Mwanafunzi wa Leeds, Uingereza, ameiona choo ya pamoja ya Mombasa, mwanafunzi wa Nyali hajaiona. Hilo linaniuma kuliko fulana za rangi moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba waje, ila waje kama wanafunzi. Mwanafunzi hulipa karo, humsikiliza mwalimu, huuliza, hukosolewa, na hapewi sifa kwa kuhudhuria. Nyumba inayotembelewa ilipwe, fedha itolewe kabla, mkononi mwa mwenye nyumba, kama vile hoteli inavyolipwa kabla. Picha ya mtoto ipigwe mzazi akikubali, na akikataa pasiwe na maswali. Na jioni vijana wakiandika madaftari yao, awepo mwenyeji wa kuwaambia hapa umekosea.

Kundi lijalo linafika Agosti. Mwalimu wao ameniandikia wiki iliyopita akiuliza wabebe nini, akataja nguo, kalamu na mipira. Nimemjibu kwamba mabegi yaje matupu. Nimemwomba apange siku nzima na mzee wa mtaa, aniachie nafasi ya kuwasomesha habari ya 1908 siku ya kwanza kabla hawajatoka hotelini, na fedha ya vinywaji imfikie mama siku moja kabla ya wao kugonga mlango. Nimemtajia na idadi: soda saba, ili na yeye mama akae anywe nao.