Mzee Aliyesimulia Aingie Kwenye Orodha ya Marejeleo?

Chukua tasnifu ya uzamili kuhusu ardhi, ndoa au miti shamba iliyoandikwa katika chuo chochote cha Kenya cha ukanda wa Ziwa Victoria, ufungue kurasa za mwisho. Majina yamepangwa kialfabeti, mwaka kwenye mabano, kila nukta mahali pake: maprofesa wa Uingereza na Marekani, wachache wa Nairobi, ripoti mbili tatu za Benki ya Dunia. Sasa rudi kwenye sura ya matokeo. Karibu kila jambo jipya lililomo limetoka kwa watu wa Seme, Nyakach, Bunyore au Njoro, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye orodha. Ndani ya sura wanaitwa Mhojiwa wa 3, Mhojiwa wa 11, au "mzee mmoja wa kijiji hicho".

Kwa wasimamizi wengi huo ndio utaratibu na hakuna la kujadili. Kwa watafiti chipukizi ninaozungumza nao Kisumu na Nakuru, ni dhuluma iliyohalalishwa na mwongozo. Naona pande zote mbili zina hoja, ila uzito wa hoja hizo haulingani, na sehemu kubwa ya ugomvi inatokana na kutousoma mwongozo wenyewe hadi mwisho.

Idara nyingi za sayansi za jamii nchini hufuata mtindo wa kuandika marejeleo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Mtindo huo ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba katika jarida moja la saikolojia. Leo mwongozo wake una kurasa zaidi ya 400. (Waliokutana kuuandaa hawakuwa wanasaikolojia peke yao. Wanaanthropolojia walikuwamo, watu ambao kazi yao yote ni kusikiliza wengine wakisimulia.) Toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019, linasema kwamba mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata mwenyewe, kama vile simu, barua pepe au mahojiano ambayo hayakuhifadhiwa popote, hutajwa ndani ya matini tu: jina la aliyesema, maneno "mawasiliano binafsi", na tarehe. Kwenye orodha hayaingii. Wale waliohojiwa kama washiriki wa utafiti hawapewi hata hayo. Maneno yao hunukuliwa kama data, na inatosha kueleza kwamba yametoka kwenye mahojiano.

Sababu ya kanuni hii ni nzito kuliko wanavyokubali wanaoilalamikia. Orodha ya marejeleo ni ahadi kwa msomaji kwamba kila kilichomo anaweza kwenda kukitafuta, akisome, na akiona mwandishi amekipotosha, aseme hivyo hadharani. Miaka hii ahadi hiyo imepanda thamani. Programu za akili bandia hutunga marejeleo yanayofanana kabisa na ya kweli: mwandishi anayefahamika, jarida lililopo, makala ambayo haijawahi kuandikwa. Mtahini makini huyanasa kwa kutafuta kichwa cha makala au DOI, namba ya kudumu ambayo makala hupewa mtandaoni. Sasa weka kwenye orodha hiyo wazee kumi na wanane wa Ugenya ambao hakuna aliyewaona isipokuwa mwandishi. Nani atahakiki? Kila aliyesimamia ukusanyaji wa data anajua kishawishi cha kuketi chini ya mwembe na kujijazia hojaji. Mzee wa kubuni ni rahisi kumtunga kuliko makala ya kubuni, na hana DOI.

Kuna hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi upande huo, nayo ni usalama wa mtu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na Nakuru, Naivasha na Kisumu ni miongoni mwa miji iliyoumia vibaya. Bado kuna wanaotafiti kipindi hicho. Mama anayeeleza nani alibisha mlangoni usiku ule huenda bado ananunua maziwa kwa jirani huyohuyo. Jina lake likichapishwa, halitamletea heshima yoyote. Hata mambo yanayoonekana kuwa ya kale yanaweza kuchoma. Simulizi ya nani alitangulia kuchunga upande gani wa Maseno haiwezi kuwa ya kihistoria tu wakati kaunti za Kisumu na Vihiga zinazozania mpaka papo hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo imemwekea mtafiti wajibu wa wazi juu ya taarifa za watu anazokusanya. Kamati ya maadili inayodai majina yafichwe ina sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Lakini angalia kinachotokea tunapoitumia kinga hiyo kwa kila mtu bila kutenganisha. Mwendesha bodaboda wa Kondele anayesema anabaki na shilingi ngapi baada ya kulipia mafuta na kumpa mwenye pikipiki hesabu yake anatoa habari za maisha yake. Hizo ni data kwa maana kamili, na jina lake halimwongezei msomaji chochote. Mzee wa Kano anayeeleza jinsi mipaka ya koo ilivyowekwa kabla ya mkoloni, akasema hili nililipata kwa baba na lile kwa mjomba, akataja toleo la ukoo wa pili na kueleza kwa nini halikubali, anafanya kazi nyingine kabisa. Anapima vyanzo. Anafasiri. Anajenga hoja. Profesa akifanya hivyo katika jarida tunamwita mamlaka na kumpa mstari wake kwenye orodha. Mzee akifanya hivyo chini ya mti wake tunamwita Mhojiwa wa 11. Huyu wa kwanza anahitaji kulindwa, huyu wa pili anahitaji kutajwa, na utaratibu wetu unawachukulia kama mtu mmoja.

Matokeo yake yanaonekana hata kwenye mashine. Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kunasa kazi zilizonakiliwa, hulinganisha maandishi na maandishi. Mwanafunzi akinakili aya ya mwanazuoni wa Leiden, Uholanzi, itawaka nyekundu. Akiandika neno kwa neno uchambuzi aliopewa na mama wa Nyalenda kuhusu kwa nini vyama vya akiba huvunjika mwaka wa tatu, kisha akauwasilisha kama wazo lake mwenyewe, ripoti itaonyesha sifuri na msimamizi atampongeza kwa ubunifu. Huo ni wizi wa kitaaluma kwa kipimo chochote, na mfumo mzima hauuoni kwa sababu mama yule hajawahi kuwa chanzo.

Watetezi wa kanuni hujibu kwamba haya ni matakwa mapya. Si mapya, na hapa Magharibi mwa Kenya hatuna kisingizio cha kusema hivyo. Mwaka 1967 Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyefariki Januari 2025, alichapisha historia yake ya Waluo wa kusini kutokana na masimulizi, wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mwaka huohuo Gideon Were alitoa historia ya Abaluyia. Kilichonivutia kwa Were ni hatua aliyoongeza: alichapisha pia kitabu cha pili, chenye matini za masimulizi yenyewe ya Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Mlima Elgon. Aliyetilia shaka maelezo yake aliweza kufungua kile cha pili akasoma msimulizi alisema nini. Hoja ya kuhakiki, ambayo leo inaletwa kama ukuta, ilijibiwa hapa zaidi ya nusu karne iliyopita kwa wino na karatasi, bila simu zinazorekodi saa nzima kwa betri ya mchana mmoja.

Na mwongozo wa APA haupingi hilo. Toleo la 7 lina sehemu inayohusu maarifa ya jadi na mapokeo simulizi ya watu wa asili, na linasema kinaganaga kwamba masimulizi yaliyorekodiwa na yanayoweza kupatikana, iwe kwenye video, kanda au hifadhi ya nyaraka, huingia kwenye orodha kama chanzo kingine chochote. Yasiyopatikana hubaki kwenye matini, lakini kwa maelezo kamili zaidi: jina lote, jamii ya msimulizi, mahali anakoishi, na mtafiti anatakiwa akubaliane naye juu ya kinachofaa kuchapishwa. Mifano ya mwongozo ni ya Marekani ya Kaskazini; kanuni inatufaa vilevile. Msimamizi anayemwambia mwanafunzi "APA hairuhusu" amesoma nusu ya kifungu.

Wapo waliokwenda mbele zaidi. Mwaka 2021 Lorisia MacLeod, mkutubi wa jamii ya Wacree huko Kanada, alichapisha kiolezo kinachomwingiza mzee kwenye orodha hata pasipo kanda: jina, taifa lake, eneo la mkataba kati ya taifa hilo na serikali, anakoishi, mada aliyoieleza, tarehe. Vyuo kadhaa vya Kanada vimekipokea. Nakiheshimu, ila sikubaliani nacho kikamilifu kwa mazingira yetu. Bila kanda au nakala ya mazungumzo, tunarudi kwa wale wazee kumi na wanane wa Ugenya na swali la nani atahakiki. Heshima ya jina peke yake haimpi msomaji njia ya kumsikia aliyetajwa.

Kiolezo chake, hata hivyo, kinagusa jambo ambalo fomu yetu inashindwa nalo. APA inataka jina la ukoo kisha herufi za mwanzo, bila cheo. Bibi anayejulikana kijiji kizima kama Nyar Alego, kwa kuwa aliolewa kutoka Alego, ataandikwaje? Jina la kwenye kitambulisho huenda hata wajukuu hawalijui. Na mwanafunzi aliyelelewa kutomwita mtu mzima kwa jina tupu anaona haya kumwandika bila "Mzee" wala "Mama". Kwa hili la pili, sentensi ndani ya matini inatosha kueleza yeye ni nani na alijifunza kwa nani. La kwanza lina ufumbuzi rahisi: aandikwe kwa jina analotaka ajulikane nalo. Maarifa yakiwa ya ukoo mzima, APA tayari inaruhusu kundi kuwa mwandishi, kama tunavyofanya kwa wizara na mashirika. Ukoo hauna upungufu gani kuliko wizara?

Ugumu wa kweli uko kwenye hifadhi. Kanda ikihifadhiwa, mtu ataisikiliza, na si kila msikilizaji ana nia njema. Mganga wa Nyakach aliyeeleza mzizi unaotibu tumbo hataki kuukuta umefungwa kwenye chupa ya kampuni. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka idhini ya wenye maarifa itangulie matumizi, lakini sheria hailindi kanda iliyoachwa wazi kwenye tovuti. Kuna pia gharama ya kuyaandika maneno ya kanda za saa kadhaa za Dholuo au Lunyore, kazi ambayo mwanafunzi hulipa kutoka mfukoni, huku akilipa pia saiba (duka la kompyuta na intaneti) ya karibu na geti la chuo impangie marejeleo. Ndiyo maana naona mzigo huu ni wa idara na maktaba kwanza. Hifadhi inaweza kuwa na milango miwili: kanda zilizo wazi, na zile ambazo msomaji huomba ruhusa kuzisikia. Idara ya taifa ya nyaraka ina ofisi Kisumu, Kakamega na Nakuru, na maktaba za vyuo tayari hupokea tasnifu kwa njia ya kielektroniki.

Fomu ya idhini ndiyo inayohitaji kubadilika mapema zaidi. Fomu nyingi nilizoziona humwahidi mhojiwa kwamba jina lake halitatajwa, kisha humpa mahali pa kutia sahihi au alama ya dole gumba. Hakuna anayemuuliza kama anataka kufichwa. Wazee wengine huuliza wenyewe, "Mbona huandiki jina langu?", na mtafiti hubaki akieleza maadili kwa mtu aliyemkirimu chai. Maswali mawili yangetosha: unataka utajwe kwa jina, na kwa jina gani; unataka sauti yako ihifadhiwe, na nani aruhusiwe kuisikia. Anayekataa yote abaki Mhojiwa wa 7, na hapo namba itakuwa chaguo lake. Mtafiti abaki na haki ya kulificha jina hata la aliyekubali, akiona hatari ambayo msimulizi hajaiona, hasa panapohusika ardhi na siasa. Na pale mtu mmoja anapochanganya mambo katika mazungumzo yaleyale, nusu saa akieleza mila na robo saa akimlalamikia kaka yake kuhusu shamba, sehemu ya kwanza itajwe na ya pili ikatwe kabla ya kanda kuondoka mikononi mwa mtafiti.

Kanda zilizokwisha kurekodiwa hazisubiri fomu mpya. Ziko kwenye simu za wahitimu na kompyuta zao, na simu ikiibwa Kibuye au ikiingia maji, msimulizi ameondoka nayo. Mwanafunzi hahitimu kabla ya maktaba kuthibitisha kwamba amekabidhi nakala za tasnifu yake. Kanda na nakala za mazungumzo, za wale waliokubali, zinaweza kudaiwa kwenye dirisha hilohilo, siku hiyohiyo, kuanzia wanaohitimu mwaka huu.