Sungura Aliyeota Choroko

Aliyeniponza ni Beatrix Potter. Nilisoma kwamba mwaka 1903 mchoraji huyo wa Kiingereza alimtoa sungura wake Peter kitabuni, yule mwenye koti la buluu, akamshona mwenyewe akawa mdoli. Sharubu alizing'oa kwenye brashi. Miguuni akatia marisau, zile chembe za risasi za kuwindia ndege, ili asimame.

Basi mimi, ambaye cherehani naijulia kwenye pindo za kanga tu, nikajiona naweza. Tunaishi Uingereza, binti yangu alikuwa anatimiza miaka minne, na kitabu cha huyo Peter kimeshachanika kwa kufunuliwa. Koti nikalikata kwenye shati la buluu la baba yake. Nililihesabu kuukuu, yeye sikumuuliza. Sharubu nikang'oa kwenye brashi ya viatu. Marisau ndiyo yaliyonishinda. Nani aingie dukani kuulizia risasi za kujazia mdoli wa mtoto? Nikafungua kopo jikoni, nikashindilia choroko.

Akasimama! Kapinda upande kama katoka kilabuni, masikio ya punda, lakini kasimama. Mtoto akalala naye. Asubuhi kaamka na sharubu nyeusi mashavuni. Brashi ilikuwa na dawa ya viatu, wala sikuisafisha.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, hakusema kitu. Alimchukua sungura akamfua, akamlaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha akamviringisha taulo na kumweka karibu na hita. Hapo hata bustani ya shule isingeoteshwa vizuri zaidi.

Siku ya sherehe sebule imejaa watoto, binti akamleta sungura wake mbio kuwaringia. Kimya. Kila mshono wa miguu umechomoza vimkia vyeupe vinavyojikunja.

"Ana minyoo?" akauliza mtoto wa jirani.

Mama akavaa miwani, akainamia miguu ile. "Mwanangu, si ulinisomea kwamba huyu ni mwizi wa mboga shambani kwa watu? Afadhali, sasa analima mwenyewe."

Sebule nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mume wangu. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya sungura, anavikagua vifungo vya lile koti kimoja kimoja.